Ile karatasi uliyoipeleka ubalozini

Mteja akiingia ofisini kwetu hapa Dar es Salaam kutaka bima ya safari, swali lake la kwanza ni moja: "Hii ubalozini wataikubali?" Nina miaka 12 kwenye dawati la madai na bado namsubiri wa kuniuliza kama hospitali itaikubali.

Simlaumu mtu. Visa ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, ndiyo iliyotufundisha wengi kukata bima ya safari, na masharti yake yako wazi. Kanuni ya visa ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 inataka bima isiyopungua euro 30,000, inayofanya kazi katika nchi zote za Schengen (sasa ziko 29), kwa siku zote utakazokaa huko, na inayolipia matibabu ya dharura, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kifo. Afisa wa visa anaangalia hayo, analinganisha jina na pasipoti, anahesabu tarehe. Akiridhika, yeye na ile karatasi wameachana.

Tatizo ni kwamba karatasi ile ni cheti tu, ukurasa mmoja. Mkataba wenyewe ni ule wa kurasa 30 na zaidi uliotumiwa kwa barua pepe, ambao najua hujaufungua. Tumezoea bima ya gari: unalipa, unapata stika, trafiki akikusimamisha unamwonyesha, maisha yanaendelea. Bima ya afya ya safari ukiitumia hivyo utaumia, maana siku ya kuihitaji hakuna anayetazama stika. Atakayeisoma ni mtu kama mimi, na mimi mkataba huusoma kuanzia nyuma, kwenye orodha ya yasiyolipwa.

Kwenye orodha hiyo, kinachotuletea machozi ofisini kuliko vyote ni ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kusafiri.

Kuna mama mmoja mstaafu alikwenda Houston kumwona mjukuu wake wa kwanza. Bima alikatiwa na mwanawe kupitia wakala. Kwenye fomu kulikuwa na swali kama ana ugonjwa wowote anaotibiwa. Wakala, kwa haraka zake au kwa kutaka bei ibaki chini, akaweka alama kwenye "hapana". Mama huyo alikuwa anameza vidonge vya presha kila asubuhi, na wala hakuvificha, hakuna aliyemuuliza. Wiki ya tatu akapata kiharusi. Hospitali ilimpokea. Marekani kuna sheria ya mwaka 1986 inayozibana hospitali zenye idara ya dharura zimpokee mgonjwa wa dharura na kumtuliza hali yake bila kutanguliza habari ya pesa. Lakini sheria hiyo haisemi matibabu ni bure, na bili huja baadaye. Bili ilipokuja, kampuni ikaomba kumbukumbu za matibabu kutoka kliniki yake ya huku nyumbani. Presha ilikuwa imeandikwa humo miaka mingi. Barua ya kukataa dai niliiandika mimi.

Nimeirudia ile barua kichwani mara nyingi. Kisheria ilikuwa sahihi. Bima yoyote inasimama juu ya kanuni ya nia njema kabisa: anayekatiwa bima anatakiwa kusema kila jambo analolijua linaloweza kubadilisha uamuzi wa kampuni, hata kama fomu imejazwa na mtu mwingine kwa niaba yake. Sahihi ikishakuwa yako, na alama ya "hapana" ni yako. Lakini najua pia kwamba kama wangesema "ndiyo", ingekuwa hadithi nyingine. Kampuni zinatofautiana hapa. Ipo itakayoongeza malipo kidogo na kumchukua. Ipo itakayomchukua lakini kwa ugonjwa ule ilipie dharura tu, tena kwa kikomo kidogo cha malipo. Ipo itakayouliza kama presha imetulia, yaani dozi haijabadilishwa na hajalazwa kwa miezi kadhaa iliyopita. Na ipo itakayokataa kabisa, na hilo nalo ni jibu zuri kulipata mkiwa bado Dar, kabla hamjakata tiketi.

Kwa hiyo ukimkatia mzazi bima, kaa naye. Mwambie alete mfuko wake wa dawa, ule wa plastiki wenye vidonge vyote, na muorodheshe kimoja kimoja. Wazee wetu ukiwauliza kama wanaumwa watakujibu "sijambo, namshukuru Mungu". Waulize wanameza nini. Na angalia umri: mikataba mingi hupunguza kikomo au kupandisha bei mtu akishavuka miaka 65 au 70, na mingine haimchukui kabisa akishafika 80. Anayempeleka mzazi Kanada kwa ile visa ya muda mrefu ya wazazi na mababu atakuta sharti limeandikwa wazi: bima ya matibabu isiyopungua dola 100,000 za Kanada, ya mwaka mzima angalau.

Jambo la pili ni namba ya simu. Kwenye cheti, mara nyingi chini kwa herufi ndogo, kuna namba ya saa 24. Si ya wakala wako wala si ya ofisi yetu. Ni ya kampuni ya msaada, ambayo kampuni za bima za huku huingia nayo mkataba ili ishughulikie wagonjwa walioko nje. Wao ndio wenye madaktari, ndio wanaojua hospitali gani iko wapi, na ndio wanaotuma barua ya dhamana kwa hospitali ikisema: mtibuni, tutalipa. Mgonjwa akilazwa bila wao kujulishwa, hospitali inamwona ni mgeni asiye na bima, na wewe utatakiwa kulipa kwanza. Mikataba mingi inasema wazi kwamba kulazwa lazima kuripotiwe mapema, ndani ya saa 24 au 48, na ukichelewa bila sababu ya msingi malipo yanaweza kupunguzwa au kukataliwa. Kama mtu ameanguka barabarani, piga kwanza namba ya dharura ya nchi hiyo, ambayo kwa nchi za Umoja wa Ulaya ni 112. Kampuni ya msaada utaipigia mkiwa hospitali. Hakuna kampuni yenye akili itakayokulaumu kwamba ulitanguliza kuokoa roho.

Kwa mambo madogo, jino limekuvimba, mtoto ana homa, kawaida unalipa mwenyewe na kudai ukirudi. Hapo ndipo watu wanapoteza pesa zao kizembe. Utaniletea risiti ya duka la dawa, imefifia, bila jina la mgonjwa. Ninachohitaji ni ripoti ya daktari inayosema uliumwa nini, risiti zinazoonyesha kila kilicholipiwa, cheti cha dawa, nakala ya pasipoti yenye muhuri wa kuingia na kutoka, na tiketi. Omba ripoti kabla hujatoka kwenye mlango wa hospitali. Kuifuatilia hospitali ya Düsseldorf ukiwa Mwanza ni kazi ya miezi. Kumbuka pia eksesi, yaani kile kiasi cha mwanzo unachobeba mwenyewe katika kila dai. Kama eksesi ni dola 100 na dawa zimekugharimu dola 80, usijisumbue kuja.

Sasa eneo. Bei ikikushangaza kwa urahisi wake, tafuta maneno haya: "duniani kote isipokuwa Marekani na Kanada". Yapo kwenye bima nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki, na sababu yake ni gharama za hospitali za huko. Mtu anakata bima ya kwenda Ufaransa, ubalozi unaikubali bila neno, halafu akiwa Paris binamu yake anamwalika apitie New York wiki moja, maana visa ya Marekani anayo tayari. Wiki hiyo moja hana bima, na hajui. Tarehe nazo ni hivyo hivyo. Hesabu siku tangu unaondoka nyumbani, na utazame bima inasemaje kuhusu siku ya kurudi, hasa kama unapita Doha au Istanbul na kulala hapo. Wenye bima ya mwaka mzima wanajisahau zaidi. Mwaka mzima maana yake safari nyingi, lakini kila safari ina ukomo wake wa siku, mara nyingi 90 hivi. Aliyekaa miezi mitano kwa dada yake hana bima kwa ile miwili ya mwisho.

Nchi zisizodai bima kwenye visa ndizo zinazotuponza, kwa sababu mtu asiyedaiwa hakati. Uingereza haidai bima kwa mgeni wa kutembea. Watu wanasikia habari za NHS, huduma ya afya ya serikali ya huko, wanadhani ni bure kwa wote. Anayekwenda kwa zaidi ya miezi 6, mfano mwenye visa ya kazi, analipa tozo ya afya wakati wa kuomba visa, na tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima (mwanafunzi ni pauni 776), kisha anatibiwa kama wenyeji. Mgeni wa wiki tatu halipi tozo hiyo, kwa hiyo hana haki hiyo. Akifika idara ya dharura hatatozwa kwa huduma ya pale, ila akishalazwa wodini hesabu inaanza, na hesabu ya mgeni ni asilimia 150 ya bei ya kawaida ya NHS. Ghuba nako tunajidanganya kwa undugu. Mama anatoka Unguja kwenda Muscat kwa mwanawe mwenye bima nzuri ya kazini, familia nzima inaamini mama amefunikwa. Bima ile inawahusu mfanyakazi na aliowaandikisha, na mgeni wa mwezi mmoja kwa kawaida hayumo. Anayekwenda umra yeye visa yake inakuja na bima ndani yake, lakini akiunganisha safari na kupita Dubai au Cairo, huko aangalie mwenyewe.

(Nasi tumejifunza. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44. Wageni wanalalamika kwamba tayari walikuwa na bima za kwao. Nikisoma malalamiko yao nacheka kidogo, nakumbuka foleni zetu za ubalozini.)

Kitu kimoja kinachochanganywa sana: bima ya safari ni ya linalokukuta njiani. Ukienda Chennai au Mumbai kubadilishiwa goti, hiyo ni safari ya matibabu, na goti halitalipwa, wala matatizo yatakayotokana na goti. Nimeona watu wakikata bima ya safari kwa siri kabla ya upasuaji uliokwisha kupangwa. Tarehe ya miadi iko kwenye barua ya hospitali. Tunaiona.

La mwisho zito ni kurudishwa nyumbani. Watu wanadhani ni ndege ndogo ya wagonjwa kama zile za Flying Doctors zinazoruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Mara nyingi sivyo. Daktari wa kampuni ya msaada anazungumza na daktari wa hospitali, wanaamua kama mgonjwa anaweza kusafiri, na wakikubaliana anarudi kwa ndege ya kawaida na muuguzi pembeni, au kwa machela inayowekwa juu ya viti kadhaa vilivyolazwa. Uamuzi huo si wa familia. Mkimtoa mgonjwa kwa nguvu na kumkatia tiketi wenyewe, hamtarudishiwa.

Na akifariki. Najua hatupendi kulisema, lakini nyote mmewahi kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp la michango ya kusafirisha mwili. Kuhifadhi mwili, jeneza linalokubalika na shirika la ndege, cheti cha kifo, barua ya ubalozi, nauli ya mzigo: bima ikiwa hai, yote hayo kampuni ya msaada inayashughulikia hadi kikomo kilichoandikwa. Kwa Waislamu wengi wanaotaka maiti azikwe mapema hukohuko, ulizeni sehemu ya gharama za maziko ya ugenini. Iko kwenye mikataba mingi, ila kikomo chake huwa kidogo kuliko cha kusafirisha, na pesa yake hailipwi kama mmeshazika bila kuijulisha kampuni. Familia moja ya Tanga ilichangishana wiki nzima kwa ajili ya kijana wao aliyekuwa Ujerumani kwa kozi fupi. Cheti cha bima kilikutwa baadaye kwenye begi lake, ndani ya bahasha ileile ya maombi ya visa. Mpe mtu mmoja nyumbani picha ya cheti chako. Nawe namba ile iandike kwenye karatasi, maana simu huzima.

Visa ikikataliwa, kampuni nyingi ninazozifahamu hurudisha pesa, ikikatwa ada ndogo ya kazi, mradi uniletee barua ya kukataliwa kabla ya tarehe ya bima kuanza. Ukija siku mbili baada ya hapo, kwenye mfumo wetu wewe tayari uko Ulaya, una bima, na hujaumwa.