"Umri Huo": Tunavyoukosea Mwili Ukivuka Miaka 40

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, Tanga. Kwa miaka mingi alikuwa akitunga uzi kwenye sindano huku anaongea na mteja, wala hainamishi kichwa. Alipofika miaka 46 akaanza kuunyoosha mkono mbali na uso, kisha akahamia mlangoni penye mwanga, mwisho akawa anawaita wajukuu wamtungie. Miwani hakutaka kuisikia. "Nikianza miwani, mdogo wangu, ndiyo basi tena. Macho yatazoea, yatalala."

Nimeanzia kwake kwa sababu mimi mwenyewe sasa nina miaka 49, na kila mwezi mwili unaniletea habari mpya. Nikisikiliza watu wanavyozipokea habari hizi, saluni, msibani, kwenye daladala, naona jambo moja linajirudia. Yasiyodhuru tunayapiga vita kwa fedha na machozi. Yanayodhuru tunayasindikiza kwa maneno mawili: "umri huo".

"Miwani inayalegeza macho"

Ndani ya jicho kuna lenzi. Utotoni ni laini, inabadili umbo ili uone cha mbali na cha karibu. Mwaka hadi mwaka inakakamaa, na kuanzia miaka 40 hivi inashindwa kujikunja vya kutosha kuona maandishi ya simu au tundu la sindano. Inaendelea kukakamaa mpaka miaka ya sitini, uvae miwani au usivae. Ndiyo maana watu hudhani miwani imewaharibu: wanaona kila baada ya miaka michache wanahitaji yenye nguvu zaidi. Kumbe lenzi ingefika hapo hapo hata bila miwani, ila wewe ungekuwa umekaa miaka yote hiyo ukiumwa kichwa na kuacha kusoma.

Upande wa pili wa jambo hili unanitia hofu zaidi. Mtu anaponunua miwani ya kusomea barabarani, akaona vizuri, haendi tena kupimwa. Presha ya macho, ugonjwa wa jicho uitwao pia glakoma, kwa kawaida haiumi. Inakula uoni taratibu kuanzia pembeni, na mwenyewe anakuja kushtuka anapogonga milango. Watu wenye asili ya Afrika huipata zaidi na mapema zaidi kuliko wengine, na mwenye mzazi au ndugu aliyeipata yuko hatarini zaidi. Uoni ulioliwa na ugonjwa huu haurudi. Tiba inalinda uliobaki tu. Basi vaa miwani, lakini ukishavuka 40 daktari wa macho aangalie pia ndani ya jicho.

"Ukiing'oa mvi moja zinakuja saba"

Kila unywele una shina lake, na shina lina chembe zake za rangi. Chembe hizo zikiisha, unywele unaota mweupe. Kung'oa hakuambukizi shina la jirani. Kinachotokea ni kwamba wakati ulipoiona ya kwanza, nyingine zilikuwa tayari njiani. Ukiendelea kung'oa unaweza kuliumiza shina lisiote chochote.

Anayetaka kupaka rangi apake, si dhambi ya kiafya. Ila awe mwangalifu na rangi nyeusi kali, ikiwemo piko inayochanganywa na hina ili ikolee haraka. Nyingi zina kemikali inayoweza kuwasha, kuvimbisha uso na kuacha malengelenge. Pakaza kidogo nyuma ya sikio kwanza, subiri siku mbili. Mkorogo nao sitaki hata kuuzungumza kirefu: ngozi nyeusi huchelewa kukunjamana kwa sababu rangi yake inaikinga na jua, nasi tunaiondoa kinga hiyo kwa krimu zenye zebaki na steroidi zinazoifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Tunanunua uzee.

"Baada ya 40 mwili hauchomi tena chakula"

Hii niliiamini mimi. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wa siku nane hadi wazee wa miaka 95. Ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nguvu yalibaki palepale kuanzia miaka 20 hadi 60. Hayashuki 40. Hayashuki hata kipindi cha kukoma hedhi. Yanaanza kupungua baada ya 60, tena kidogo kidogo.

Aliyeongoza utafiti huo, Herman Pontzer, alikuwa ameshafanya kazi na Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi, hapa kwetu. Matokeo ya mwaka 2012 yaliwashangaza wengi: Wahadza, wanaotembea porini kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi, kwa siku nzima hutumia nguvu karibu sawa na Mmarekani wa ofisini mwenye umbo kama lao. Maana yake ni kwamba kitambi kinaanzia sahanini kuliko tunavyopenda kukiri. Vitumbua vya asubuhi, soda ya mchana, wali wa nazi saa nne usiku, sahani ileile uliyokuwa ukiila ulipokuwa unabeba maji na watoto.

Umri una mchango wake, lakini kwa njia nyingine. Misuli inapungua kama haitumiki, na kwa mwanamke, homoni ya estrojeni ikishuka, mafuta yaliyokuwa yakikaa nyongani yanahamia tumboni. Mafuta hayo ya ndani, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayoandamana na kisukari na magonjwa ya moyo. Kwa hiyo ile kauli ya "kitambi ni maisha mazuri" iachwe. Dada yangu anajua vipimo vya wateja wake kuliko mizani yoyote. Chukua futikamba, pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga: mwanamke akizidi sentimita 80, yaani inchi 31 na nusu, na mwanamume akizidi sentimita 94, inchi 37, ajue hatari imeanza kupanda.

Na misuli inarudi. Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwafanyisha wazee wa karibu miaka 90, wakazi wa nyumba ya kulelea wazee, mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu zao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Wewe wa miaka 48 unayesema umechelewa, inuka na ukae kwenye kiti mara kumi bila kushika mahali, asubuhi na jioni.

Hilo hilo linahusu magoti. Kila goti linalolia tunaliita baridi yabisi, tunalipumzisha, tunalifunika kitenge, tunameza diklofenaki ya dukani miezi na miezi. Goti lenye misuli imara juu yake linaumia kidogo kuliko goti lililolala. Vidonge hivyo vikimezwa kila siku bila uangalizi huchimba vidonda tumboni na kuumiza figo, hasa kwa mwenye presha.

Presha yenyewe, kwa kuwa nimeitaja: haisikiki. "Mimi ningeijua" ndilo neno la watu wengi kabla ya kiharusi. Kipimo cha 140 kwa 90, kikirudiwa siku nyingine kikabaki hapo au juu, ni ugonjwa, uwe na miaka 35 au 65.

Wanaume

Kaka zangu, mna dhana zenu mbili. Ya kwanza, kwamba kuamka kukojoa mara tatu usiku ni saratani, hivyo bora usijue. Tezi dume hukua kwa wanaume wengi umri ukisonga, na mara nyingi kukua huko si saratani. Kinachotenganisha ni vipimo, na kisukari nacho huamsha watu usiku. Ya pili, kwamba nguvu za kiume zikipungua ni uzee au umerogwa. Mishipa ya sehemu hiyo ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huziba mapema. Mwili unaweza kuwa unatangaza matatizo ya moyo miaka kadhaa kabla. Anayekimbilia unga wa chupani anauzima mlio wa kengele.

"Hedhi imerudi, umekuwa msichana tena"

Hedhi hukoma kwa wanawake wengi kati ya miaka 45 na 55, na inahesabika imekoma pale miezi 12 mfululizo inapopita bila damu. Kabla ya hapo inaruka, inakuja, na mimba inaweza kuingia. Wako wanawake waliotupa uzazi wa mpango wakiwa na 47 wakidhani wamemaliza. Joto la ghafla, jasho la usiku, kukosa usingizi, vyote hivi vinatibika. Mama zetu walivumilia kwa sababu hawakuwa na wa kumwambia.

Lakini damu inayokuja baada ya ule mwaka mzima wa ukimya si hedhi. Hata tone. Wengi wanaoipata hawana saratani, ila saratani ya mfuko wa uzazi na ya shingo ya kizazi huweza kujitambulisha hivyo hivyo, na zikiwahiwa hutibika vizuri zaidi. Wanawake wengi nchini hufika hospitali saratani ikiwa imeshasambaa.

Dada yangu aliiona akiwa na miaka 57, miaka mitatu baada ya kukoma. Mashoga zake walimpongeza, wakacheka naye pale dukani. Nilimpakia bajaji asubuhi ya pili. Walimfanyia ultrasaundi, wakachukua kinyama wakakipima maabara: uvimbe mdogo, usio saratani, ukatolewa. Tulipokuwa tukisubiri majibu korido ile, alitoa mkobani miwani yake ya kusomea, ambayo kumbe alikuwa nayo miezi sita, akaanza kushona kifungo cha gauni langu.