Njaa Muachie Mchoraji

Miswada ya vitabu vya picha kuhusu njaa ninayoletewa hufanana mno. Ukurasa wa kwanza mtoto analia, wa pili ana nguo za viraka, na wa mwisho mgeni anashusha magunia kwenye gari. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya watoto, na miswada hiyo huirudisha kwa wenyewe. Mtoto ambaye kwao jana moto haukuwashwa hajioni humo. Yeye hakulia. Alikuja shule, akacheza rede, na wenzake walipofungua vyakula vyao akasema ameshiba.

Kwa hiyo huwaambia waandishi: njaa muachie mchoraji. Watu wakisema kwa fulani paka analala mekoni, mtu mzima anaelewa. Basi achorwe paka huyo, kajikunja katikati ya mafiga, juu ya majivu yaliyopoa. Ukurasa unaofuata watu wawe wanne, sahani tatu, na maneno yasizidi haya: "Mama alisema yeye keshakula." Mtoto anayeyaishi hayo ataelewa pasipo kunyooshewa kidole. Asiyeyajua atauliza mbona Mama hana sahani, na hapo mkubwa anayemsomea ana pa kuanzia.

Maneno nayataka pale mtoto anapoomba msaada. Hapo ndipo miswada mingi huchechemea, maana tumelelewa na funika kombe mwanaharamu apite. Mtoto anajua kuficha, hajui aseme nini. Kitabu kimpe sentensi inayoingia mdomoni mwake, kama "Mwalimu, kwetu tangu jana hatujapika," na kimwoneshe mkubwa anayesaidia bila kumhoji wala kumtangaza. Tena isisubiri mwisho. Katika kitabu cha kurasa 24 ningeiweka karibu na ukurasa wa 14, ili ibaki nafasi ya kumwona mtoto anakula, na kesho yake anagombea mpira kama kawaida.

Wengi tumekisikia kisa cha Sayyidna Umar na mama aliyeteleka chungu cha maji matupu ili wanawe wadhani chakula kinaiva, hadi usingizi uwachukue. Khalifa akabeba unga mgongoni mwake, akakataa kupokewa na mtumishi wake Aslam, kisha akapika mwenyewe. Mama yule hakumjua ni nani. Sijaona mfano bora wa msaidizi asiyejionesha. Ila msaada ule ulifika kwa kuwa mtawala alipita usiku ule. Mtoto wa darasa la pili hawezi kumsubiri khalifa. Anahitaji mtu wa karibu, awe mwalimu, shangazi, hata mwenye duka.

Aliyelimudu jambo hili ni Lois Brandt wa Marekani, katika *Maddi's Fridge* cha mwaka 2014. Sofia anafungua friji ya kina Maddi, rafiki yake, anaikuta karibu tupu, na Maddi anamwahidisha asimwambie mtu. Sofia anajaribu kusaidia kimyakimya, anaficha chakula kwenye mkoba wa shule. Samaki ananuka, mayai yanapasuka. Watoto hucheka hapo mpaka basi, na katika kucheka huko wanaona kwamba mzigo huu si wa mtoto. Kwa hiyo Sofia anapomwambia mama yake, hawamwoni msaliti. Ukitaka kuandika kuhusu siri inayopaswa kuvunjwa, mtazame huyo samaki kwanza.

Walimu mnaosomea darasani, msiulize nani kwao wamewahi kulala na njaa. Mikono haitanyooka, na ukinyooka mmoja, mwenyewe atataniwa wiki nzima. Ulizeni Sofia angeweza kumwambia nani mwingine. Na kabla hamjafungua kitabu, ongeeni na mwalimu mkuu na wapishi wa uji, mjue mtafanya nini mtoto akija kusema, maana huenda akaja siku hiyohiyo.