Vitu Visivyofaa Kuingia Kwenye Kiroba cha Taka

Maganda ya ndizi na makoko ya ugali hayamsumbui mtu. Gari la taka likipiga honi, kiroba kinatolewa, safari inaishia dampo la Pugu Kinyamwezi. Shida ni vile vitu ambavyo kila nyumba ya Dar es Salaam inavyo na wenyewe hawajui wavitupe wapi: simu iliyokufa, betri, balbu, pampasi, dawa zilizobaki. Vinalundikana kwenye droo, kisha siku ya kuhama vyote vinamwagwa pamoja.

Nianze na betri ya simu iliyovimba, maana ndiyo inayochezewa zaidi. Kinachoivimbisha ni gesi itokanayo na kemikali za ndani kuharibika. Wapo wanaoitoboa kwa pini ili "ipumue". Usithubutu! Ndani yake kuna karatasi nyembamba za metali zilizotenganishwa na utando wa plastiki. Utando ukitoboka, pande mbili zinagusana, joto linapanda ghafla na betri inawaka moto wenye moshi wa sumu. Ndiyo maana haifai hata kwenye gari la taka, lile linaloshindilia mzigo. Acha kuichaji, ziba ncha zake kwa selotepu, iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, mbali na jua na jiko, na iondoke nyumbani mapema.

Iende wapi? Tangu mwaka 2021 nchi ina kanuni mahsusi za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na anayezikusanya anatakiwa awe na kibali. Muulize bwana afya wa kata yako, au NEMC, baraza la taifa la mazingira, nani mwenye kibali aliye karibu nawe. Simu yenyewe huenda fundi wa Kariakoo akaichukua kwa ajili ya spea. Kabla hujampa, ondoa akaunti zako, toa laini na memori kadi. Wengi hukumbuka laini, wakasahau kadi yenye picha.

Nyaya na chaja mbovu zina kopa, na kopa ina soko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ubaya uko kwenye njia ya kuipata. Anayechoma waya ili plastiki iungue anazalisha dioksini, sumu inayosababisha saratani, na anayeivuta kwanza ni yeye mwenyewe. Waya unachunwa kwa kisu. Kazi inachelewa, ni kweli, lakini kopa inatoka safi, na kopa safi ina bei kuliko iliyoungua.

Betri la gari au bajaji ni habari nyingine kabisa: ndani kuna risasi (metali yenye sumu, si ile ya bunduki) na asidi ya salfa. Anayemwaga asidi mtaroni na kuyeyusha risasi kwenye sufuria uani anawatia sumu watoto wa nyumba nzima. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Anayeumia zaidi ni mtoto anayetambaa, ambaye ubongo wake bado unakua na mkono hautoki mdomoni. Betri lirudishe dukani bila kulifungua unaponunua jipya. Uliza kama watalipokea na kukupunguzia bei.

Pampasi nazo zina kesi yake. Ikitumbukizwa kwenye choo cha shimo haiozi. Chembe zilizomo zinanyonya maji na kuvimba, na siku ya kutapisha choo mpira wa gari la kunyonya uchafu unaziba. Kinyesi kimwage chooni, pampasi ikunje, ifunge, iende na gari la taka. Mtaroni hapana, hasa masika.

Balbu za mirija iliyojikunja, si zile za LED, zina zebaki kidogo. Ikivunjika, toa watoto, fungua madirisha, subiri kama dakika 10, kisha zoa vipande kwa karatasi ngumu badala ya ufagio na uvifungie kwenye kopo lenye mfuniko.

Dawa zilizokwisha muda usizimwage chooni wala kumgawia jirani. Zipeleke famasi au kituo cha afya, umuulize mfamasia. Nyembe na sindano zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki, kaza kifuniko, umwambie mzoa taka kilichomo kabla hajainyanyua, kwa kuwa wengi wao hawana glavu.