Kipepeo hakuungua, sketi iliungua

Imeandikwa tena: Emma Livry, mchezaji wa baleti wa Paris, alicheza kipepeo, kipepeo akavutwa na moto, na moto ukamla mchezaji. Majaaliwa! Kila anayesimulia maisha ya wanawake waliotia fora kwenye baleti lazima apitie hapo, na kila mmoja anasimulia kana kwamba ndiye wa kwanza kuiona ishara hiyo. Hivi kuna hata mmoja aliyejisumbua kusoma baleti yenyewe inaishaje?

Baleti hiyo, *Le Papillon* (yaani "Kipepeo"), ilionyeshwa mara ya kwanza Opera ya Paris tarehe 26 Novemba 1860. Muziki ni wa Offenbach, na mtunzi wa dansi ni Marie Taglioni, aliyeitunga kwa ajili ya Livry, binti wa miaka 18. Farfalla, ndiye Livry jukwaani, anarogwa na kugeuzwa kipepeo. Anauona mwenge, anaufuata, mabawa yanaungua, na papo hapo uchawi unavunjika: anaangukia mikononi mwa mwana wa mfalme, binadamu kama zamani. Moto ndio unaomkomboa. Kwa hiyo anayedai kwamba jukwaa lilitabiri ameishika ishara miguu juu, kichwa chini.

Tena siku ya ajali hakuwa kipepeo. Tarehe 15 Novemba 1862 yalikuwa mazoezi ya opera *La Muette de Portici*, naye alikuwa Fenella, dada bubu wa mvuvi. Akisubiri zamu yake alikaa pembeni, akazipandisha sketi kwa nyuma zisije zikakunjika. Upepo wa kitambaa ukauvuta ulimi wa taa ya gesi.

Kitambaa hicho ni talatani: pamba nyepesi iliyofumwa kwa mianya, ikatiwa wanga mpaka ikasimama. Fikiria chandarua kilichopigwa wanga, tabaka juu ya tabaka, na hewa kati ya kila tabaka na jingine. Aliyewahi kuona chandarua kikidakwa na kibatari hahitaji maelezo. Nyuzi nyembamba hupata joto mara moja, mianya huingiza hewa, na mvaaji akikimbia anajipepea mwenyewe. Livry alikatiza jukwaa akiwaka kabla zimamoto hajamdaka kwa blanketi. Koseti iligandamana na nyama. Alikufa tarehe 26 Julai 1863, baada ya miezi minane ya mateso, hajatimiza miaka 21.

Sasa nije kwenye lile linalonikera kuliko kipepeo: "alikataa dawa kwa sababu ya urembo."

Dawa ya kukinga sketi na moto ilikuwepo, hilo kweli. Amri ya serikali ya mwaka 1859 ilitaka mavazi na mapambo ya jukwaani yakingwe dhidi ya moto kwa njia ya Carteron, yaani kuloweka kitambaa kwenye maji ya chumvichumvi, shabu ikiwamo. Shabu imebeba maji ndani ya chembe zake. Ikipata joto inayatoa, na uzi unakawia kushika moto. Taabu ni kwamba chumvi hizo hukakamaza kitambaa na kufifisha weupe wake, na zikikutana na maji ya kufulia zinaondoka. Kila ukifua, unaanza upya. Mwaka 1860 Livry aliandika kwamba atacheza na sketi yake ya kawaida, na lawama ni juu yake.

Urembo? Mchezaji anaporuka, mwili hufika kileleni ukaanza kushuka, lakini sketi nyepesi huchelewa. Kwa kitambo kidogo sana kitambaa bado kinapanda ilhali kiwiliwili kinashuka, na jicho la mtazamaji hufuata kitambaa. Ndipo watu wanapoapa kwamba ameelea. Sketi iliyokakamaa hushuka na mwili wake, pamoja, kama sinia. Livry hakusifiwa sura. Alisifiwa wepesi, na kutua bila kishindo. Kumvisha sketi ngumu ni kumwambia mpiga zumari azibe tundu moja kisha apige vilevile.

Hapa nakiri nimebadili msimamo zaidi ya mara moja. Barua ile naweza kuisoma kama sauti ya fundi anayejua kazi yake, na naweza kuisoma kama hofu ya binti aliyeona nafasi yake ikiponyoka. Pengine yote mawili. Lakini amri ilikuwa ya serikali, na wenye jumba ndio waliopaswa kuisimamia. Kupokea barua na kuiweka kwenye faili si kusimamia.

Kama mtu hawezi kulala bila ishara, ipo nyingine. Opera ya Paris iliingiza gesi jukwaani mwaka 1822. Miaka kumi baadaye, tarehe 12 Machi 1832, Taglioni akatokea katika baleti ya *La Sylphide* kwa vazi jeupe jepesi, juu ya ncha za vidole, na mpaka leo weupe ule wa kizuka ndio picha ya baleti. Weupe huo hauwi wa kizuka bila mwanga wa gesi na kitambaa kinachopitisha mwanga. Vitu hivyohivyo viwili ndivyo vilivyomuua mwanafunzi wake.

Na hakuwa peke yake. Clara Webster aliungua jukwaani Drury Lane, London, Desemba 1844, katika onyesho la mambo ya harimu. Dada wa familia ya Gale waliungua Philadelphia mwaka 1861. Hao hawakucheza kipepeo, kwa hiyo wasimulizi hawana habari nao.

Kipepeo alikuja kukazwa mazishini. Théophile Gautier, mmoja wa walioandika kisa cha baleti ya *Giselle*, aliandika kwamba vipepeo wawili weupe waliruka juu ya jeneza jeupe njiani kwenda makaburini. Simbishii. Lakini ilikuwa mwisho wa Julai, kiangazi cha Paris, na maua kila upande. Kuona vipepeo weupe hapo ni kama kuona nzi buchani.