Gundi ya sampu kwenye magari ya kale: yanayosemwa na yaliyo kweli

Gari la kale likianza kuacha doa la oili chini, mwenye gari huulizia gundi iliyo kali kuliko zote. Swali la kuanza nalo ni jingine: sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ni ya bati au ya aluminiamu, na ilitengenezwa ifungwe kwa gasketi (kipande cha kuziba kinachokaa kati ya metali mbili) au bila gasketi?

"Gundi ikiwa nyingi, oili haipiti."

Hii ndiyo dhana inayoua injini. Bolti zikikazwa, gundi ya silikoni iliyopakwa nene hutoka pande mbili. Ya nje unaiona na kuifuta. Ya ndani inabaki ikining'inia kama utepe, siku moja inakatika, inazama kwenye oili na kuvutwa hadi kwenye chujio la pampu. Chujio likiziba, presha ya oili inashuka na beringi za krenkishafti, mhimili mkuu wa injini, zinasagika. Mstari wa milimita 2 hadi 3 unatosha, mradi usikatike popote na upite upande wa ndani wa matundu ya bolti.

"Silikoni nyekundu ni bora kwa sababu inahimili joto."

Oili iliyomo kwenye sampu kwa kawaida haizidi sana nyuzi 110 za Selsiasi, na silikoni nyingi za injini huvumilia zaidi ya 200. Kwa hiyo joto halikupi sababu ya kuchagua. Soma kwenye tyubu kama inastahimili oili. Inuse pia: inayonuka siki inapokauka hutoa asidi, na asidi hiyo hula metali. Mimi nisingeitumia kwenye injini ninayoipenda.

"Gasketi ni mambo ya zamani, silikoni peke yake inatosha."

Sampu nyingi za magari ya kale ni za bati jembamba, na ukingo wake ulikusudiwa kukalia gasketi nene ya koki, lile gome jepesi la vizibo vya chupa. Ukiiondoa, unaiachia gundi kazi ya kujaza mwanya ambao haukuwa wake. Wengine hukosea upande wa pili: wanaipaka koki silikoni juu na chini, inateleza kama sabuni, na ukikaza inachomoka pembeni. Ibandike upande wa sampu kwa gundi nyembamba ya gasketi, iache upande wa bloku, yaani mwili wa injini, ikiwa kavu, na tone la silikoni liweke tu kwenye pembe ambako gasketi ya ubavuni inakutana na sili (kizibo) ya nusu duara.

Sampu nzito ya aluminiamu yenye uso uliosawazishwa kwa mashine ni habari nyingine. Hapo inafaa gundi inayoganda ikikosa hewa kati ya metali mbili. Ukiipaka kwenye bati linalopindapinda, penye mwanya haitaganda. Kwa gasketi ya karatasi, hasa ukijua utaifungua tena, napenda pasta isiyoganda kama Hylomar, iliyobuniwa kwa kushirikiana na Rolls-Royce kwa ajili ya injini za ndege.

"Inavuja? Kaza zaidi."

Ukikaza kupita kiasi, bati huvimba kuzunguka kila tundu na kuacha mwanya katikati ya bolti na bolti. Hakuna gundi itakayoponya hilo. Laza ukingo juu ya chuma bapa, ugonge taratibu mpaka unyooke. Kwenye Volkswagen Beetle, nati za kifuniko cha chujio cha oili chini ya injini hukazwa kwa Nm (nyutoni-mita) 7 tu, nguvu ndogo mno ya mkono.

"Oili iko kwenye sampu, basi sampu ndiyo inavuja."

Oili hutiririka kutoka juu. Kifuniko cha valvu au bomba la kupumulia lililoziba huweza kuwa chanzo. Nyuma ya krenkishafti ya Morris Minor hamna sili ya mpira. Kuna mfereji wa mzunguko unaorudisha oili ndani, na matone machache hapo ni ya kawaida. Osha injini, ikauke, nyunyiza poda ya talki, iwashe, kisha fuata mchirizi kuanzia juu.

Silikoni huganda kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo ipe saa 24 kabla ya kumimina oili. Na kabla hujainua sampu, futa ukingo wa bloku mara ya mwisho: wakati ulipokuwa unapaka, oili ilikuwa bado inachuruzika kutoka juu.