Kabla ya sumu ya panya, anza na tochi na penseli

Masika yakiingia, mashimo ya nje hujaa maji na panya hutafuta pakavu. Jikoni ni pakavu na pana chakula. Hapo wengi hukimbilia dukani kununua sumu, na baada ya muda mfupi wanarudi kununua nyingine, maana waliokufa wamewaachia wenzao njia ile ile. Kwa wakazi wa Tanga ushauri wangu kama afisa afya ni kwamba sumu iwe ya mwisho kabisa. Anza na tochi na penseli.

Penseli ni kipimo. Tundu linalopitisha penseli, yaani milimita 6 hivi, linampitisha pia panya mdogo wa nyumbani. Mchana funga mlango na dirisha la jiko. Penye tundu la kutokea nje mwanga utajionyesha. Kisha washa tochi ukague bomba la sinki linapotoboa ukuta, mpira wa gesi kama mtungi umewekwa uani, mahali nyaya za umeme zinapoingilia, chini ya mlango, na juu kabisa ukuta unapokutana na bati. Shindilia stilwaya ya kusugulia masufuria ndani ya tundu, halafu piga saruji juu yake. Matambara, magazeti na ile fomu ya kupuliza, yaani povu linaloganda, havifai, kwani meno ya mbele ya panya hayaachi kukua na yeye haachi kuguguna. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati. Wavu wa dirishani uwe wa waya. Ule wa plastiki unakatwa bila shida.

Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti haizibiki, na sitamdanganya mtu. Humo nguvu zote ziende kwenye kuficha chakula.

Tabu kubwa zaidi iko kwenye nyumba zetu za kupanga, zile za vyumba sita na korido moja katikati, jiko uani au kila mtu na jiko lake mlangoni. Mara nyingi kuta za ndani haziendi hadi kwenye paa, kwa hiyo panya anatembea darini kutoka chumba hadi chumba bila kumwomba mtu hodi. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Kwenye nyumba ya namna hii hawana hata haja ya kuchimba. Mpangaji mmoja akiziba kwake peke yake, anawasogeza tu kwa jirani, na wakizaliana huko watarudi. Na wanazaliana kweli: jike hubeba mimba kwa wiki tatu hivi, huzaa watoto watano, sita au zaidi, na watoto hao wakifika umri wa wiki sita hadi nane nao wako tayari kuzaa. Ndiyo maana tunasisitiza nyumba nzima ikaguliwe siku moja, wapangaji wakubaliane, na mwenye nyumba atoe saruji. Si hisani hiyo, ni nyumba yake inayotafunwa.

Kuna kitu cha kwetu pwani ambacho wengi hawakifikirii: lundo la vifuu na makumbi kando ya jiko. Ni moto mzuri, sikatai, lakini makumbi ndiyo godoro analolitafuta panya mjamzito. Weka akiba yako nje ya jiko, juu ya chanja au matofali. Hali kadhalika gunia la mkaa, lisiegemee ukuta wenye shimo.

Mchele, unga, kunde na dagaa vikae kwenye debe au ndoo nene yenye mfuniko unaobana. Ndoo za mafuta ya kula za lita 20 zinafaa sana. Zilizokuwa za rangi ya kupaka ukuta hazifai, hata ukizisugua vipi. Kiroba si chombo cha kuhifadhia chakula. Ni cha kukibebea kutoka sokoni. Mbuzi ya kukunia nazi ioshwe usiku huo huo, na machicha yasilale jikoni. Kumbuka kwamba panya mdogo hutosheka na gramu 3 hivi kwa siku, na maji anaweza kuyapata humo humo kwenye chakula, kwa hiyo kufunga bomba peke yake hakumfukuzi.

Kwa waliokwisha kuingia, tumia mitego ya kubana, tena mingi kwa wakati mmoja. Itegwe kandokando ya ukuta, upande wa chambo ukiugusa ukuta, kwa sababu ndiko wanakopita. Kipande kidogo cha nazi iliyochomwa au kichwa cha dagaa kinatosha. Panya mdogo ni mdadisi, atanaswa siku za mwanzo. Yule mkubwa wa darini, mpanda minazi, anaogopa kitu kigeni: mwekee mtego wenye chambo bila kuutega kwa siku kadhaa, akizoea ndipo uutege. Paka anasaidia, ila paka aliyeshiba vichwa vya samaki usimtegemee.

Mizoga na kinyesi visifagiliwe vikavu. Changanya kipimo kimoja cha jiki na tisa vya maji, lowesha, subiri dakika tano, kisha futa ukiwa umevaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi. Mkojo wa panya unaweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda, iliyoua watu watatu Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022, na hupenya kwenye michubuko ya ngozi. Hapa mkoani kwetu, Lushoto ilisumbuliwa na tauni tangu 1980 kwa zaidi ya miaka 20. Huambukizwa na viroboto wanaomhama panya aliyekufa. Ukipata homa kali baada ya kushika panya, mweleze daktari hivyo.

Ukilazimika kutumia sumu, iwe na lebo, isiwe unga wa kufungiwa karatasini barabarani, na kamwe usiipake kwenye andazi. Sumu nyingi za dukani huzuia damu kuganda, hivyo mtoto aliyeila anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa. Usingoje dalili, wala usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya au Hospitali ya Bombo, ukiwa na paketi yake mkononi.

Baada ya kazi yote, nyunyiza unga wa kupikia kidogo kandokando ya ukuta kabla ya kulala. Asubuhi tazama nyayo zinakotokea na zinakoelekea, urudi na saruji mahali hapo. Nyayo zikiendelea baada ya kuziba kila kitu, mwite afisa afya wa kata yako aje aangalie na nyumba za jirani.