Wingu gani linalipa kwa modeli ya hali ya hewa pwani ya kusini

Tangu Kimbunga Hidaya kitupige Mei 2024, swali ninaloulizwa sana na wenzangu wa Mtwara na Lindi wanaoendesha WRF, programu ya kukokotoa utabiri wa hali ya hewa, ni hili: kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia mtandao, AWS ya Amazon, Azure ya Microsoft au Google, wapi nafuu? Wengi huanza kulinganisha bei ya saa, na hapo ndipo hesabu inapopotea.

WRF yenyewe ni bure. Huigawa ramani vipande, kila kiini cha prosesa kikashika chake, na kwa kila hatua ya muda vipande jirani hupashana habari za mipakani. Mashine kumi za kawaida za bei chee zitashinda zinasubiriana, na kusubiri huko unakulipia. Ndiyo sababu Azure wana familia ya mashine za HB zilizounganishwa kwa InfiniBand, na AWS wana familia ya Hpc yenye EFA, yote miwili mitandao ya kasi kati ya mashine na mashine. Kazi yako ikitosha ndani ya mashine moja, mtandao huo haukuongezei kitu.

Kisha kuna ukubwa wa miraba midogo ya ramani ambayo modeli huikokotolea hali ya hewa. Ukishuka kutoka mraba wa upana wa kilomita 4 hadi 2 kwenye eneo lilelile, tuseme Kilwa hadi mto Ruvuma, miraba inakuwa mara nne na hatua ya muda inapungua nusu. Kazi mara nane! Kwa hiyo nakusihi, bana miraba pale tu penye haja, kama Mikindani na Msimbati, kwingine iache mipana.

Gharama inayoumiza zaidi ni kuitoa data kwenye wingu. Chukua mashine ya hpc6a ya AWS kule Ohio, Marekani, viini 96, kwa bei ya orodha ya dola 2.88 kwa saa. Saa nne ni dola 11.52. Modeli ikizaa GB 200 nawe ukataka kuzishusha zote, na GB 100 za bure za mwezi umeshazimaliza, kwa dola 0.09 kila GB utalipa dola 18. Kuchukua matokeo kumezidi kukokotoa, na bando la huku Mtwara bado hujalinunua. Chora ramani hukohuko, ushushe picha na jedwali za vituo unavyovihitaji. Usivutwe na ukaribu wa kituo cha AWS cha Cape Town pia: kutoa data pale ni ghali kuliko Ohio, na modeli inayokimbia usiku kucha haidhuriki na umbali.

Mashine za Spot, yaani zile za ziada zinazokodishwa kwa punguzo, zinaweza kupunguza bei hadi asilimia 90, ila hunyang'anywa wakati wowote: AWS hukuonya dakika mbili kabla, Google sekunde 30 tu. Utabiri ambao mvuvi anausubiri kabla hajatweka tanga, usiuweke huko. Lakini kuirudia Hidaya, au Kimbunga Kenneth cha 2019, kwa ajili ya utafiti, Spot ndiyo mahali pake, mradi umeiagiza WRF iandike mafaili ya kuendelezea kazi pale ilipokatika, kila baada ya saa chache za modeli, na uyahifadhi nje ya mashine yenyewe.